Tebaldi, Freni au Scotto: Uanze na Soprano Yupi wa Italia?

Mtu aliyewahi kuimba kwaya anaijua soprano, kwa kuwa ndiyo ile sauti ya kwanza inayobeba tuni ya wimbo huku sauti nyingine tatu zikiishikilia kutoka chini. Katika opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa tangu pazia linapofunguliwa hadi linapofungwa, soprano si safu ya waimbaji bali ni mtu mmoja, aghalabu yule anayependwa, anayeachwa na anayekufa, naye hulazimika kusikika hadi viti vya nyuma kabisa, juu ya okestra ya wapigaji sabini au zaidi, pasipo kipaza sauti. Anayetaka kuingia katika muziki huu kupitia Italia, ambako ndiko ulikozaliwa, hukutana upesi na majina matatu ya karne ya 20: Renata Tebaldi, Mirella Freni na Renata Scotto. Wote watatu ni Waitalia, walizaliwa ndani ya muda wa miaka 13, na kwa sehemu kubwa waliimba nafasi zilezile, hivyo mgeni ana haki ya kuuliza aanze na nani.

Huenda msomaji akashangaa kutomwona soprano Maria Callas katika orodha hii. Callas alizaliwa New York kwa wazazi Wagiriki na kufundishwa Athens, na ingawa jina lake lilikuzwa na majumba ya opera ya Italia, hapa tunazungumzia waliozaliwa na kulelewa humo. Isitoshe, yeye ana watetezi wa kutosha. Atatajwa tu pale ambapo kivuli chake kiliwaangukia hawa wengine, na kiliwaangukia wote.

Nitawalinganisha kwa mambo machache: walikoanzia, aina ya sauti waliyokuwa nayo, nafasi walizokubali na walizokataa, walivyopita katika siku mbaya, na jinsi kila mmoja alivyoikabili kazi moja ngumu, Madama Butterfly ya Puccini. Jambo hilo la mwisho ndilo ninalolipa uzito zaidi, kwa sababu ndilo linalowatenganisha waziwazi kuliko yote.

Walikoanzia

Tebaldi alizaliwa Pesaro, mji wa pwani ya Adria alikozaliwa pia mtunzi Rossini, tarehe 1 Februari 1922. Akiwa na umri wa miaka mitatu aliugua polio, na kwa kuwa wazazi wake walitengana, alilelewa na mama yake huko Langhirano, karibu na Parma. Alisoma katika chuo cha muziki cha Parma, kisha akanolewa na Carmen Melis, soprano mstaafu ambaye alimfundisha kutamka kwa upole na kuvuta pumzi ndefu. Alipanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1944 mjini Rovigo, vita vikiwa bado vinaendelea, katika Mefistofele ya Boito. Miaka miwili baadaye ulifika usiku uliomtengeneza. Jumba la La Scala la Milano lilikuwa limebomolewa na mabomu mwaka 1943, na lilipofunguliwa upya tarehe 11 Mei 1946 aliyesimama mbele ya okestra alikuwa Arturo Toscanini, aliyerejea kutoka uhamishoni Marekani. Mzee huyo ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza kabisa la La bohème mjini Torino mwaka 1896, kwa hiyo alikuwa amezisikia sauti za nusu karne, naye alimchagua binti wa miaka 24 aimbe usiku huo. Tangu hapo sifa ya “sauti ya malaika”, inayonasibishwa na Toscanini, ilimganda Tebaldi hadi kaburini.

Freni alizaliwa Modena tarehe 27 Februari 1935, miezi michache kabla ya Luciano Pavarotti kuzaliwa katika mji huohuo. Mama zao walifanya kazi katika kiwanda kimoja cha sigara, na watoto wao walinyonyeshwa na mama mmoja wa kukodiwa, kwa hiyo soprano na tenori hawa maarufu walikuwa, kwa lugha yetu, ndugu wa kunyonya. Freni alipenda kutania kwamba ukiwatazama wawili hao hukosi kujua ni nani aliyepata maziwa mengi zaidi. Lakini kisa cha utotoni mwake kinachofaa kukumbukwa ni kingine. Akiwa na umri wa miaka kumi hivi aliimba katika shindano la redio wimbo wa “Un bel dì” kutoka Madama Butterfly, na tenori mkongwe Beniamino Gigli akamwonya kwamba angeiharibu sauti yake ikiwa hataacha kuimba hadi atakapokua. Mtoto alitii, akanyamaza mpaka alipofika miaka 17. Mambo mengi ya maisha yake ya baadaye yanaeleweka vizuri zaidi ukiukumbuka ukimya huo. Alianza rasmi mwaka 1955 katika jumba la opera la Modena, akiwa Micaëla katika Carmen, akaolewa na mpiga piano Leone Magiera, akapumzika kulea binti, kisha mwaka 1958 akashinda shindano la Viotti huko Vercelli na kurudi jukwaani moja kwa moja.

Scotto, binti wa mshonaji wa nguo, alizaliwa katika mji wa bandari wa Savona tarehe 24 Februari 1934, naye hakungoja lolote. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1952, akiwa na miaka 18, aliimba Violetta katika La traviata mjini kwao, nafasi ambayo wengi huifikia baada ya miaka kadhaa ya mazoezi. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Desemba 1953, siku ambayo La Scala hufungua msimu wake, alipewa nafasi ndogo ya kijana mpiga zeze, Walter, katika La Wally ya Catalani. Nyota wa usiku ule walikuwa Tebaldi mwenyewe na tenori Mario Del Monaco. Yasemwa kuwa hadhira ilimwita Scotto mbele ya pazia mara 15, nao wakubwa wakaitwa mara saba. Msomaji akitaka picha moja ya tofauti ya tabia zao, ni hiyo: Tebaldi katikati ya jukwaa, ametulia kama sanamu ya kanisani, na pembeni mtoto wa miaka 19 anayeimba kana kwamba hakuna kesho.

Sauti zenyewe

Hapa kila mtu ana sikio lake, na mimi nasema kwa sikio langu.

Sauti ya Tebaldi ilikuwa pana na nzito bila kuwa kali, yenye ulaini wa samli iliyoanza kuyeyuka, na uzuri wake ulikuwa umesambaa sawasawa kuanzia chini hadi karibu na kilele. Aliweza kuipunguza nota ya juu hadi ikabaki kama uzi, na bado uzi huo ukasikika ukumbi mzima. Udhaifu wake ulikuwa juu kabisa, kwenye zile nota za mwisho za ngazi, ambako mara nyingi alifika akiwa chini kidogo ya mahali palipotakiwa. Tena hakuwa mwigizaji wa mwili. Alisimama, akafungua kinywa, na sauti ikafanya kazi yote.

Freni alikuwa na sauti nyepesi zaidi, angavu, yenye joto la kibinadamu ambalo santuri hulinasa vizuri mno. Wataalamu huiita sauti ya aina yake “liriko”, yaani ile inayofaa wahusika vijana wenye hisia za kawaida, si malkia wala wachawi. Hakuwa na kituko chochote cha kumtambulisha, na ndiyo maana msikilizaji wa mara ya kwanza anaweza kumpita bila kumtilia maanani, kisha baada ya mwezi mmoja akagundua kwamba ndiye anayemrudia.

Scotto alipewa sauti ndogo kuliko za wote wawili. Nota zake za juu, hasa kuanzia miaka ya 1970, zilikuwa na ncha inayochoma sikio, na wapo wasioweza kuivumilia hata kidogo. Alichokuwa nacho yeye ni neno. Hakuna silabi aliyoiimba bila kuipa maana, na mtu asiyejua Kiitaliano hata kidogo huhisi kwamba anaelezwa jambo. Ikiwa sikio lako linatafuta uzuri kwanza, usianze naye. Ikiwa linatafuta kisa, anza naye hata leo.

Kukubali na kukataa

Sauti ya soprano ni mtaji usioongezeka. Nafasi nzito, ambazo okestra yake ni kubwa na nota zake za nguvu ni nyingi, huula mtaji huo haraka, na mwimbaji mwenye sauti nyepesi anayezikubali mapema huweza kumaliza kazi yake kabla ya kufika miaka 40. Kwa hiyo orodha ya nafasi ambazo mwimbaji alizikubali, pamoja na miaka aliyozikubali, ni kama daftari la mahesabu yake, na kwa watatu hawa daftari hizo hazifanani kabisa.

Daftari la Tebaldi ni fupi na limenyooka. Alijua sauti yake inafaa wapi, akabaki hapo: Desdemona katika Otello, Mimì katika La bohème, Tosca, Aida, Maddalena katika Andrea Chénier, Adriana Lecouvreur. Alianza kuimba Metropolitan Opera ya New York tarehe 31 Januari 1955 akiwa Desdemona, na katika jumba hilo alisimama jukwaani karibu mara 270, nyingi zikiwa ni kwa nafasi hizohizo chache. Kampuni ya Decca ya London ilimfunga kwa mkataba, na nyingi kati ya opera hizo alizirekodi mara mbili, kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa sauti ya njia moja, kisha mwishoni mwa miaka hiyo na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa stereo. Hilo ni jambo la manufaa kwa mnunuzi, kwa sababu jina moja na kichwa kimoja huweza kuwa rekodi mbili tofauti. Kwa La bohème chukua ile ya 1959 iliyoongozwa na Tullio Serafin, na kwa Otello ile ya 1961 ya Herbert von Karajan akiwa na okestra ya Vienna. Rekodi za awali zina sauti changa zaidi ya Tebaldi, lakini okestra imesongwa mno kiasi kwamba mgeni hatasikia nusu ya muziki.

Freni aliandika daftari la mtu mwenye subira. Alipokuwa na miaka 25 aliimba Zerlina ya Mozart katika tamasha la Glyndebourne nchini Uingereza, baadaye Susanna na Adina, wote wakiwa wasichana wa sauti nyepesi. Mwaka 1963 Karajan alimpa Mimì huko La Scala, katika maonyesho yaliyobuniwa na Franco Zeffirelli, na nafasi hiyo akaifanya mali yake kiasi kwamba ndiyo aliyoingilia Metropolitan tarehe 29 Septemba 1965. Baada ya hapo alipanda ngazi moja moja: Desdemona huko Salzburg mwaka 1970, Amelia katika Simon Boccanegra ya La Scala mwaka 1971, Elisabetta katika Don Carlo mwaka 1975, na Aida mwaka 1979, akiwa tayari na miaka 44. Karajan, ambaye alizoea neno lake kuwa ndiyo sheria, alimtaka aimbe Turandot, nafasi ya binti mfalme wa barafu ambayo imewachuna wengi. Freni alikataa. Katika biashara ambamo simu ya Karajan ilikuwa ni ndoto ya kila mwimbaji, kukataa huko kulihitaji ujasiri kuliko nota yoyote ya juu.

Halafu lipo jambo ambalo huwa linasahaulika. Baada ya kuolewa mara ya pili na Nicolai Ghiaurov, mwimbaji wa besi kutoka Bulgaria, Freni alijifunza nafasi za Kirusi, Tatyana katika Eugene Onegin na Lisa katika Malkia wa Shupaza, akiwa katika umri ambao wenzake wengi hurudia nyimbo za ujana wao katika matamasha ya kuagana. Zile nafasi za drama kali za watunzi wa mwanzo wa karne, kama Adriana Lecouvreur na Fedora, nazo alizifikia mwishoni, wakati hakukuwa tena na kikubwa cha kupoteza.

Scotto alikwenda kinyume cha yote hayo. Alianza kama sauti ya wepesi na mapambo, akiimba Lucia, Amina wa La sonnambula na Gilda wa Rigoletto, kisha akajisukuma mwenyewe kwenda kwenye nafasi ambazo, kwa vipimo vya kawaida, hazikuwa zake: Lady Macbeth, Norma, La Gioconda, Francesca da Rimini. Katika Il trittico ya Puccini, ambayo ni opera tatu fupi za usiku mmoja, aliimba nafasi zote tatu za soprano huko Metropolitan mwaka 1976, jambo ambalo ni wachache mno wamelijaribu. Alipanda katika jumba hilo zaidi ya mara 300. Gharama ilisikika, kwani rekodi zake za mwisho wa miaka ya 1970 zina nota ambazo si nzuri kwa kipimo chochote kile, na bado mimi huzisikiliza, kwa sababu katika Adriana Lecouvreur aliyorekodi mwaka 1977 na tenori Plácido Domingo kuna kifo kinachoaminika.

Siku mbaya

Kila mmoja alianguka mara moja au zaidi, na namna alivyoanguka inafundisha.

Tebaldi alianguka mwaka 1963. Metropolitan ilikuwa imemwandalia Adriana Lecouvreur aliyoitamani kwa muda mrefu, na katikati ya maonyesho hayo sauti ikamgomea. Alijiondoa, akakaa nje ya jukwaa kwa takriban mwaka mzima, akafanya kazi upya ya kupumua na kuweka sauti, na mwaka 1964 akarudi na Mimì. Sauti iliyorudi ilikuwa nyeusi zaidi, yenye kifua kikubwa na juu kugumu, na badala ya kuificha aliipeleka mahali ilipofaa, kwenye La Gioconda mwaka 1966. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuteswa na ule ushindani na Callas, ambao magazeti na mashabiki waliuchochea kuliko wahusika wenyewe, na ambao ulichangia yeye kuiachia Callas La Scala na kuhamia New York. Wanawake hao wawili walikumbatiana hadharani nyuma ya jukwaa la Metropolitan mwezi Septemba 1968, baada ya Tebaldi kuimba Adriana ileile iliyomwangusha. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo bora cha uigizaji katika maisha yote ya Tebaldi, ingawa hakukuwa na muziki.

Kwa Freni siku mbaya ilikuja mapema, mwaka 1964, pale La Scala na Karajan walipomweka katika La traviata. Hadhira ya Milano ilikuwa bado na Violetta wa Callas masikioni, nayo ilimpigia miluzi, ambayo huko Italia ndiyo njia ya kuzomea. Alikuwa na miaka 29. Hakuacha kuimba, lakini kwa muda mrefu Violetta alikaa pembeni ya kazi yake, na nadhani somo alilolipata usiku ule lilimsaidia alipokuja kumkatalia Karajan mengine.

Scotto alipoteza nota zake za juu miaka michache tu baada ya kuanza, matokeo ya kukimbia kabla ya kujifunza kutembea. Tenori Alfredo Kraus alimwelekeza kwa mwalimu wake mwenyewe, Mhispania Mercedes Llopart, naye akaijenga sauti upya kuanzia msingi. Ndiyo maana mwezi Septemba 1957, kampuni ya La Scala ilipokuwa Edinburgh na Callas akakataa kuimba onyesho la ziada la La sonnambula, Scotto aliweza kuingia mahali pake akiwa na miaka 23 na kuamka kesho yake akiwa maarufu Ulaya nzima. Kivuli hicho hakikumwacha lakini. Mwaka 1981 alipofungua msimu wa Metropolitan kwa Norma, nafasi ambayo wapenzi wa Callas waliiona ni kaburi takatifu, baadhi yao walianza kumzomea hata kabla hajaimba nota ya kwanza. Alimaliza onyesho.

Mizani ya Butterfly

Madama Butterfly ni kisa cha Cio-Cio-San, msichana wa miaka 15 wa Nagasaki anayeolewa na ofisa wa jeshi la majini la Marekani, anayeachwa, anayengoja miaka mitatu akiwa na mtoto, na anayejiua mume anaporudi na mke mwingine. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza La Scala tarehe 17 Februari 1904 ilizomewa vibaya, Puccini akaikarabati, na mwezi Mei mwaka huohuo ikapokewa kwa shangwe mjini Brescia. Kwa soprano ni mtego, kwani mhusika ni mtoto lakini okestra yake ni ya mtu mzima, na tangu anapoingia hadi mwisho hana mahali pa kupumzika. Anayeiimba kwa sauti ya msichana huzama, na anayeiimba kwa sauti ya kuishinda okestra hupoteza msichana.

Tebaldi aliurekodi mtego huu mara mbili, na rekodi yake ya 1958, iliyoongozwa na Serafin mjini Roma akiwa na tenori Carlo Bergonzi, inabaki kuwa fahari ya sauti tupu. Humwoni msichana wa miaka 15 hata kwa kujilazimisha. Unamwona mama wa Kiitaliano mwenye heshima zake, aliyedhulumiwa. Wapo wanaoona hilo ni kosa, na wapo, nami nusu nusu nimo, wanaoona kwamba Puccini mwenyewe aliandika muziki wa mama huyo.

Uamuzi wa Freni ndio unaostahili kusimuliwa. Aliirekodi Butterfly mwaka 1974 na Karajan na Pavarotti, akaiigiza katika filamu ya Jean-Pierre Ponnelle akiwa na Domingo, akairekodi tena mwaka 1987 na Giuseppe Sinopoli, wala hata mara moja hakuiimba nzima jukwaani. Alijua kwamba studio inaruhusu kupumzika kati ya sehemu na sehemu, ilhali jukwaa haliruhusu, na kwamba huzuni ya kisa hiki humvuta mwimbaji ajimwage kuliko sauti yake inavyohimili. Kwa hiyo msomaji anayeisikia rekodi ya 1974, ambayo wengi huiweka juu ya zote kwa uzuri wa okestra na wa sauti kwa pamoja, ajue kwamba anasikia kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia ukumbini.

Scotto aliiimba Butterfly katika usiku wake wa kwanza Metropolitan, tarehe 13 Oktoba 1965, wiki mbili tu baada ya Freni kuingia jumba hilo. Mwaka uliofuata aliirekodi mjini Roma chini ya Sir John Barbirolli, tena na Bergonzi, na mwaka 1978 na Lorin Maazel. Mwaka 1986 alirudi Metropolitan kuongoza uigizaji wa opera hiyohiyo huku akiimba, na ndiyo aliyoagia nayo jukwaa hilo mwaka 1987. Rekodi ya Barbirolli ndiyo ninayoipendekeza bila kusita kwa anayetaka kujua kisa kinasema nini, kwani humo msichana anazeeka kati ya sehemu ya kwanza na ya pili, na unasikia miaka hiyo mitatu katika koo lake.

Mwisho wa kazi

Tebaldi aliimba tamasha lake la mwisho La Scala mwezi Mei 1976, akiwa na miaka 54, akanyamaza kabisa, na akafariki San Marino tarehe 19 Desemba 2004. Hakuolewa, na kumbukumbu zake zina makumbusho yake huko Busseto, eneo alikotoka mtunzi Verdi. Freni alishuka jukwaani tarehe 11 Aprili 2005 mjini Washington akiwa Jeanne d'Arc katika opera ya Tchaikovsky, binti wa kijijini aliyeimbwa na mwanamke wa miaka 70, miaka 50 baada ya Micaëla wa Modena, na akaendelea kufundisha vijana hadi karibu na kifo chake tarehe 9 Februari 2020. Scotto aligeukia kuongoza uigizaji na kufundisha, akapata tuzo ya Emmy kwa La traviata iliyorushwa na runinga kutoka New York, na akafariki Savona alikozaliwa, tarehe 16 Agosti 2023.

Basi uchague nani?

Mwanafunzi wa uimbaji, hasa yule mwenye sauti nyepesi ambaye mwalimu wa kwaya anamsukuma aimbe kila kitu kwa nguvu, amchukue Freni, na asome miaka yake kama anavyosoma nota zake. Si kwamba alikuwa mwimbaji bora kuliko wenzake. Ni kwamba njia yake inaweza kufuatwa, wakati ile ya Tebaldi inahitaji uzaliwe na koo la Tebaldi, na ile ya Scotto inahitaji moyo ambao haufundishiki na humla mwenyewe. Msikilizaji wa nyumbani ambaye hajawahi kusikia opera nzima naye aanze kwa Freni, na La bohème ya 1972 akiwa na Pavarotti, Karajan na okestra ya Berlin. Kisa chake ni chepesi kukifuata, urefu wake hauchoshi, na ndugu hao wawili wa kunyonya wanaimba wakijuana.

Anayependa sauti kwa ajili ya sauti, ambaye husikiliza wimbo wa dini au wa mapenzi akiwa amefumba macho na asijali sana maneno, ataona Freni ni mzuri lakini Tebaldi ndiye anayemshibisha. Huyo aanze na Desdemona wa 1961, na aende moja kwa moja kwenye sehemu ya nne, pale penye wimbo wa mti wa mwerebi na sala ya Salamu Maria.

Anayetaka kutazama, si kusikiliza tu, au aliyezoea tamthilia na kuona opera ni watu wanaosimama na kupiga kelele, huyo ni wa Scotto. Onyesho la La bohème la Metropolitan la tarehe 15 Machi 1977, lililokuwa la kwanza katika mfululizo wa matangazo ya moja kwa moja ya runinga kutoka jumba hilo, linamwonyesha akiwa na Pavarotti, na ingawa picha yake ni ya zamani, mikono ya Mimì anayekufa haijazeeka.

Na asiyeweza kuamua kabisa atenge robo saa moja jioni. Asikilize “Un bel dì” ya Tebaldi ya 1958, ya Scotto ya 1966 na ya Freni ya 1974, kwa utaratibu huo wa miaka, kila moja ikichukua dakika nne au tano. Wimbo unaanza juu, polepole, bila maandalizi, kana kwamba mtu amekiona kitu cha mbali baharini: asikilize ni nani anayekiona kweli. Kisha asubiri neno la mwisho, “l'aspetto”, yaani “namngoja”, ambalo Puccini amelipandisha hadi nota ya juu kuliko zote za wimbo huo. Tebaldi analiimba kama kiapo, Freni kama tumaini, Scotto kama mtu ambaye amekwisha kujua kwamba hakuna atakayekuja, na sikio la msikilizaji litakuwa limeshachagua kabla okestra haijanyamaza.